Kitabu gani cha kubeba Shela: Bwana Msa, Vuta N'kuvute au Peponi?

Mtu akiniuliza abebe kitabu gani kwenda Lamu, nami humuuliza mawili kwanza: unakaa siku ngapi, na unakwenda na nani? Anayekwenda peke yake Ijumaa akarudi Jumatatu hawezi kubeba kitabu kimoja na yule anayekwenda wiki nzima na mume, watoto na wifi. Wengi hawajiulizi. Huchukua kitabu kwa sababu jalada lina bahari, au kwa sababu mwandishi alitajwa redioni, kisha kitabu kinarudi Mombasa na tiketi ya basi imetiwa ukurasa wa 14, na hapo ndipo kilipoishia.

Nimeviweka hapa vitabu vitatu bega kwa bega. Vyote ni riwaya, vyote vinasomwa kwa Kiswahili, na vyote vimetoka kwa watu wa visiwani: Mzimu wa Watu wa Kale cha Mohammed Said Abdulla, ndicho kisa cha Bwana Msa, Vuta N'kuvute cha Adam Shafi, na Peponi cha Abdulrazak Gurnah kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Baadaye nitagusia mashairi, maana kwenda Lamu bila ubeti hata mmoja mkobani ni kama kwenda Lamu usile samaki. Na viko vitabu vizuri sana ambavyo nitakuomba uviache nyumbani.

Shela si maktaba

Kabla ya vitabu, tuseme kweli kuhusu mahali penyewe. Pwani ya Shela, kijiji cha hapohapo kisiwani Lamu, ni nzuri kwa kila kitu isipokuwa kusoma. Ukishazipita nyumba za mwisho za kijiji, mchanga unakwenda kama kilomita 12, mkono mmoja bahari kuu, mkono wa pili vilima vya mchanga. Ile minazi ya kwenye kalenda, inayoinama ikakutilia kivuli, haipo. Lamu iko nyuzi mbili na kitu tu kusini ya ikweta, na ikifika saa nne asubuhi karatasi nyeupe inakurudishia jua lote machoni. Kwa hiyo saa za kusoma ni mbili: tangu asubuhi mapema mpaka saa tatu na nusu hivi, halafu kuanzia alasiri mpaka karibu na magharibi. Katikati utakuwa chumbani au juu ya dari, na huko usingizi una nguvu kuliko mwandishi yeyote.

Kisha upepo. Miezi ya kusi, hasa Juni mpaka Agosti, mchanga mkavu hukimbia usawa wa vifundo vya miguu na ukilala kifudifudi unakimbilia ndani ya kitabu. Utakifunga, utakikung'uta, utakifungua, na ukurasa umeshageuzwa na upepo. Kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, huwa mpole zaidi, ila joto lake ni la kukaangia. Maji nayo yana ratiba yake. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hupanda mpaka juu, na mkeka ulioutandika saa moja iliyopita unahitaji kuhamishwa tena.

Lakini hayo yote ni madogo mbele ya watu. Lamu mtu hapiti bila kusalimu, na asiyeitikia salamu hata kama ana kitabu usoni huonekana hana adabu. Atapita nahodha: "Dada, twende Manda Toto tukaone samaki?" Utamwambia leo hapana. "Basi kesho, inshallah. Na bei tutaelewana." Hajafika mbali, anakuja mama wa hina, "Mwanangu, nikutie maua mkononi?", na nyuma yake watoto wanaotaka kujua kitabu kina picha au hakina. Hakuna ubaya wowote ndani yake. Ndiyo raha ya kwenda. Lakini maana yake ni kwamba kila kurasa mbili tatu utakatizwa, na kukatizwa huko si dakika moja.

Ndiyo sababu kipimo changu ni hiki: je, kitabu kinakubali kukatizwa? Umaarufu, tuzo na unene vinakuja baadaye. Ukiwa dukani, kifungue katikati, soma ukurasa mmoja. Ukimaliza ukawa unajua nani anasema na nani, wako wapi, na wanataka nini, kitabu hicho kitakupokea tena kila utakaporudi. Ukiwa huelewi hata kama walio mbele yako ni watu hai au mizimu, kirudishe rafuni kwa sasa.

Bwana Msa, kwa mwenye siku mbili

Mzimu wa Watu wa Kale kilishinda mashindano ya uandishi wa hadithi ya mwaka 1957 na 1958, na kikachapishwa 1960. Ndicho kilichomleta Bwana Msa katika fasihi yetu: mpelelezi wa Unguja mwenye kiko mdomoni, anayeona kile ambacho wenzake wamekipita mara kumi. Mwandishi mwenyewe aliwahi kuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuingia kwenye uhariri wa magazeti, na mimi huamini kazi ile ndiyo iliyompa jicho. Bwana Msa huingia nyumba ya mtu kama bwana afya: anaangalia chini ya kitanda kwanza, ndipo anapoamkia.

Kisa ni chepesi kukieleza. Mwenye shamba anakutwa amekufa kwenye mzimu, mahali pa matambiko. Watu wanaoogopa mizimu wanayo maelezo yao tayari. Bwana Msa hana haraka ya kuyakubali, na kuanzia hapo ni mazungumzo tu: nani alikuwa wapi, nani anamdai nani, nani ana siri ya nasaba. Hakuna mbio za magari wala risasi. Ukitaka hayo, mchukue Willy Gamba, jasusi wa Elvis Musiba, aliyeanza na Kufa na Kupona mwaka 1974. Willy anapiga watu, anapanda ndege, anakaa hoteli kubwa, na kurasa zinakwenda zenyewe. Nawapenda wote wawili, lakini kwa pwani namchagua Msa, kwa sababu Willy Gamba ukishamjua mmoja umeshawajua wote, na Kiswahili cha Msa ni karamu. Wazee wanavyopimana maneno katika kitabu kile, kila mmoja anajifanya haelewi, utawasikia hivyohivyo ukikaa barazani Lamu jioni.

Sasa kipimo. Bwana Msa hakubali kukatizwa. Hadithi ya upelelezi ni mnyororo, ukikiacha Jumamosi ukakirudia Jumatatu utakuwa umesahau ni nani aliyesema alimwona marehemu, na raha yote ya kumshinda mpelelezi imekwenda. Kinachomwokoa ni wembamba wake. Ni kitabu cha asubuhi moja na alasiri moja. Kwa hiyo kwa mwenye siku mbili tatu, asiye na watoto wa kuwachunga majini, hakuna kinachokishinda. Kingine kinachokisaidia: ni kidogo, kinashikika kwa mkono mmoja, upepo wa kusi haukipindui. Kwa familia, kina kazi nyingine nzuri. Mtu mmoja asome sura kwa sauti baada ya chakula cha usiku, wengine wabishane muuaji ni nani. Vijana wa miaka 13 na 14 ambao hawashiki kitabu wameonekana wakidai sura ya pili isomwe.

Ukikimaliza mapema, kuna Kisima cha Giningi na Duniani Kuna Watu, vya Bwana Msa vilevile.

Vuta N'kuvute, kwa wengi wetu

Hiki ndicho ningekitia mkobani mwa mtu nisiyemjua. Adam Shafi alikitoa mwaka 1999, na 2021 Amil Shivji akakifanya filamu. Ni Unguja ya wakoloni, miaka ya mwisho. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa angali mdogo kwa Bwana Raza, mfanyabiashara wa umri wa baba yake, anaiacha ndoa ile, na kwao hawamtaki tena. Anapokelewa na Mwajuma, shoga asiye na kitu ila moyo na taarabu, kule mtaa wa Ng'ambo. Kisha anatokea Denge, aliyesoma Urusi akarudi na magazeti yaliyopigwa marufuku, na nyuma ya Denge yuko Inspekta Wright na makachero wake.

Kukatizwa kwake ndiko kunakonifurahisha. Watu ni wachache na kila mmoja ana sauti yake, mazungumzo ni mengi, na kila sura inakuacha mtu akiwa matatani kwa namna unayoweza kuieleza kwa sentensi moja: Denge amekamatwa, Yasmin kafukuzwa, polisi wako mlangoni. Ukaenda ukaogelea, ukala viazi vya karai, ukalala, ukirudi bado polisi wako mlangoni. Huhitaji kurudi nyuma hata ukurasa mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa Nairobi huenda asilione, lakini Lamu linakuja lenyewe. Mtaa wa Mwajuma umejaa vitu ambavyo utavipita ukienda kununua mkate wa mofa asubuhi: vichochoro vya watu wawili kupishana, mtu anaitwa kwa jina kutoka dirishani, habari inamfika jirani kabla ya mwenyewe. Shafi haelezi mji kwa mbali. Anakupitisha uchochoroni usiku ukiwa unakimbia askari, na wewe ukirudi Shela kutoka mjini baada ya isha utajikuta unasikiliza nyayo.

Kasoro ninazo. Denge ni mwema kupita kiasi, na penye siasa mwandishi husahau kwamba sisi tumeshaelewa, akatuhutubia. Kurasa hizo pita haraka, hakuna atakayekuuliza. Na ni kitabu kinene kiasi, kwa hiyo siku za upepo kishike kwa mikono miwili au kisomee nyuma ya ukuta. Kwa mtoto wa chini ya miaka 15 sikipendekezi, mapenzi yake si ya kitoto.

Mtu atasema, mbona si Kuli, cha mwandishi huyohuyo, cha 1979? Kuli ni kizuri, nacho kina bandari, makuli na mgomo wa 1948 pale Unguja. Lakini kinakwenda kwa mstari mmoja, ulipokisia kinafika ndipo kinapofika. Vuta N'kuvute kinakugeuka. Tena kina wanawake wanaoamua mambo, na kwa msomaji aliyeko likizo na shoga zake hilo lina uzito. Nimeona kinavyogawa kundi: walio upande wa Yasmin na wanaosema Bwana Raza naye alionewa. Huo ubishi unatosha safari nzima ya dau kwenda na kurudi kisiwa jirani cha Manda.

Peponi, kwa mwenye wiki na subira

Gurnah alipopata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, wengi wetu tuliokulia Kiswahili tulikuwa hatujamsoma, kwa sababu anaandika Kiingereza. Mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wakatoa Peponi, riwaya yake ya 1994 iliyotiwa katika Kiswahili. Na nitasema bila kuogopa: iliyoko kwenye Kiswahili inasomeka kana kwamba ilikuwa imerudi kwao. Mazungumzo ya dukani, matusi ya Khalil, majigambo ya wapagazi, yote yanakaa mahali pake.

Yusuf ana miaka 12 baba yake anapomweka rehani kwa tajiri Aziz kulipa deni. Mtoto anadhani anakwenda kutembea kwa jamaa. Anafika pwani, anawekwa dukani, na kuna bustani yenye ukuta ambayo anaruhusiwa kuiona kwa vipande. Kisha kuna msafara wa kwenda bara, ambao kwangu ndio kiini cha kitabu: mizigo, homa, hongo, machifu wasiotaka kuonana na mfanyabiashara, na Wajerumani wanaosikika kwa mbali kabla hawajaonekana. Anayekijua kisa cha Nabii Yusuf atazitambua dalili njiani, na atashangaa pale mwandishi anapokataa kuifuata njia aliyoizoea.

Sasa nikiviweka viwili hivi pamoja, Vuta N'kuvute na Peponi, tofauti ninayoipima si ubora. Peponi ni kitabu kikubwa zaidi, na sina haja ya kubishana juu ya hilo. Tofauti ni kile kinachokudai. Vuta N'kuvute kinakudai uendelee tu. Peponi kinakudai unyamaze. Kurasa 30 za mwanzo ukizisoma huku unajibu salamu na kuangalia mtoto asiingie maji ya kina, utawachanganya watu, na utapitwa na sentensi ndogo ambazo baadaye ndizo zinazouma. Khalil anamwambia Yusuf mapema kwamba Aziz si jamaa yake, anasema kwa mzaha mzaha, na mwenye haraka anacheka akapita. Nusu ya kitabu imo ndani ya mzaha ule.

Kwa hiyo mbinu. Kama una wiki, na unakwenda kwa barabara, kianze ndani ya basi. Safari kutoka Mombasa kupitia Malindi, Garsen na Witu mpaka Mokowe ni ya saa nyingi, na abiria hakuna anayekusalimu kila dakika. Ukishuka jetini utakuwa umemjua Yusuf, na kuanzia hapo kitabu kitavumilia pwani. Anayekwenda kwa ndege hana nafasi hiyo. Atatua Manda, atavushwa kwa boti, na kabla hajakaa ameshaalikwa chai. Huyo asome Peponi juu ya dari saa za jua kali, kama ana nguvu ya kushindana na usingizi, na pwani ashuke na kitu kingine.

Ukikisoma kwenye mchanga wa Shela, jiandae kuulizwa kama unakaa kwenye ile hoteli yenye jina hilohilo. Utaulizwa. Wengine watadhani ni kitabu cha wageni cha pale.

Huzuni yake nayo ipime. Hakikuachi na faraja mwishoni. Wako watu wanaokwenda likizo wakiwa wamechoka au wametoka msibani, na hao siwezi kuwapa Peponi hata kwa tuzo zake zote. Wape Bwana Msa, muuaji anakamatwa na kila mtu anakwenda kula.

Mashairi ni ya jioni

Mashairi yana faida moja juu ya riwaya zote tatu: kukatizwa hakuyadhuru. Beti nne, salamu, beti nne nyingine. Tena Lamu ndiko kwao. Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, nasaha za mama kwa bintiye, mwandishi wake alikuwa mke wa Bwana Mataka wa Siyu, na Siyu iko hapo kisiwa cha Pate, safari ya boti. Beti ni kama mia moja, unaumaliza jioni moja. Wasichana wa leo hupinga nusu ya nasaha zile, hasa za kumtumikia mume, na mimi naona ndiyo sababu ya kuusoma ukiwa na mama zako na dada zako pamoja.

Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir inahitaji maandalizi zaidi. Ni kuomboleza Pate iliyokuwa na taa, mafarashi na kumbi za wakubwa, na sasa popo ndio wenyeji. Isome siku ya kwenda Takwa, kule Manda, kwenye magofu ya mji ulioachwa karne ya 17. Nahodha atakuambia saa ya kuondoka kwa kuangalia maji, kwa sababu mkono ule wa bahari kati ya mikoko haupitiki maji yakipwa. Mkichelewa, mtasubiri humo ndani, na hapo utakuwa na muda wa beti zote.

Shida ya tendi hizi kwa mgeni ni Kiamu chake cha zamani, yaani lahaja ya Lamu. Aliyesomea Kiswahili shuleni bara atahitaji toleo lenye ufafanuzi pembeni, na bila hilo atachoka ubeti wa tatu. Na ukithubutu kuzisoma kwa sauti barazani mjini, jiandae kusahihishwa. Mtu aliyekuwa anacheza bao kwa utulivu atakukata: "Sivyo, mwanangu, hapo vuta." Kubali. Hilo ni somo la bure.

Kama Kiamu kinakushinda, Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, 1973, ni Kimvita, lahaja ya Mombasa, na inafikika kwa urahisi zaidi. Aliyatunga gerezani kati ya 1969 na 1972, mengi yakiandikwa kwenye karatasi za chooni. Mle ndani limo shairi la ndugu wawili wanaogombania mnazi, nalo lina jina la Vuta N'kuvute, miaka mingi kabla ya riwaya, kwa hiyo usije ukaagiza kimoja ukaletewa kingine. Shairi lile ni la watu wawili kusomeana. Mmoja awe Alii, mwingine awe Badi, na wasikilizaji waamue mnazi ni wa nani. Kwa wanandoa waliochoka kutazama simu, sijui mchezo bora kuliko huo.

Vya kuacha nyumbani

Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, 1971, kiache. Si kwa sababu ya ile marufuku ya zamani mashuleni, ila mwisho wake utakuharibia siku mbili za bahari. Utengano cha Said Ahmed Mohamed vilevile: Maimuna aliyefungiwa ndani na baba yake ni kisa kizito, na wengi tulikisoma kwa mtihani, kwa hiyo kila ukurasa unanuka chaki. Nagona, cha Kezilahabi tena, kinawadanganya watu kwa wembamba. Kurasa hazifiki mia, wakadhani ni kitabu cha alasiri. Hicho hata ukifungiwa chumbani peke yako kitakutoa jasho, sembuse na mama wa hina pembeni.

Siku Njema cha Ken Walibora, 1996, niko katikati. Kongowea anayetoka Tanga kumtafuta baba yake Kenya ni msafiri mzuri wa kufuatana naye, na Kiswahili chake kimejaa tamathali. Kama hukukisoma shuleni, kibebe. Kama ulikisoma kwa mwalimu wa kukaririsha methali, utaisikia sauti yake mpaka ufukweni.

Kwa anayesoma Kiingereza na ana nafasi mkobani, The Dragonfly Sea cha Yvonne Adhiambo Owuor, 2019, kimeanzia Pate, na binti wake Ayaana ni mtoto wa bahari kwelikweli. Ni kinene mno kwa upepo wa kusi. Kibebe Desemba.

Karatasi au simu

Simu kwenye jua la Shela haisomeki. Utaongeza mwanga mpaka mwisho, betri itakwenda, na ikishapata joto itajizima yenyewe kukuadhibu. Mchanga unaingia kwenye tundu la chaji, na chumvi inafuata. Usiku ni habari nyingine: simu haihitaji taa, na umeme ukikatika wewe unaendelea. Kitabu cha kusikiliza kinafaa zaidi kwa matembezi ya kutoka mjini kwenda Shela kwa miguu, dakika 40 hivi kando ya maji, alimradi sikio moja liwe wazi kwa ajili ya punda. Punda hawapigi honi.

Kitabu cha karatasi kina adui mmoja ambaye watu hawamfikirii, nayo ni gundi. Vingi vya siku hizi havikushonwa kwa uzi, vimegandishwa mgongoni. Ukikiacha juu ya mkeka saa sita mchana, gundi inalainika, na jioni ukikifungua kwa nguvu kurasa zinatoka kwa vifungu. Dukani kiangalie mgongo: vilivyoshonwa utaona vifungu vidogo vilivyokunjwa pamoja, vilivyogandishwa ni karatasi zilizokatwa sawasawa. Ukikosa cha kushonwa, kifunike kwa leso iliyokunjwa mara mbili, na usikikunje mgongo kikiwa moto. Mfuko wa plastiki usiufikirie, umepigwa marufuku Kenya tangu 2017, na kikapu cha ukili kinapumua vizuri zaidi.

Nunua kabla ya kuondoka Mombasa au Nairobi, usingoje ufike kisiwani. Vuta N'kuvute na Peponi ni vya Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam, kwa hiyo duka lako huenda likaagiza, na kuagiza kunataka wiki kadhaa. Mzimu wa Watu wa Kale mara nyingi utakipata kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba, kimeandikwa jina la mwanafunzi wa miaka ya themanini kwenye jalada la ndani. Hesabu kurasa za mwisho kabla hujalipa. Kitabu cha upelelezi kilichopotea karatasi ya mwisho hakina faida kwa mtu.